Mcheza kwao hutuzwa, lakini nani ampige picha?

Ipo aina ya filamu ambayo sisi walimu huipita kwa dharau. Ni ile ambayo kikundi cha wanamuziki wanaopendwa na vijana huigiza wakiwa wao wenyewe, au karibu na kuwa wao wenyewe. Wanakimbizwa na mashabiki, wanachelewa kufika tamashani, wanagombana na meneja wao, wanapenda na kuachwa, na kila baada ya muda mfupi wanaimba. Kisa chake ni chepesi kama usufi. Hakuna afaye, na ikiwa yuko aliaye, basi machozi yake hukauka kabla ya wimbo unaofuata. Filamu hizi hutengenezwa kwa ajili ya mashabiki na wala hazidai kuwa kitu kingine.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba dharau hiyo haina msingi. Aidha, nashikilia kwamba katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako muziki haujapata kupungua na mashabiki hawana idadi, ukosefu wa filamu za namna hii ni hasara ya lugha kabla ya kuwa hasara ya burudani.

Nianze na asili ya filamu zenyewe, kwa kuwa jambo lisilojulikana asili yake hudharauliwa upesi. Elvis Presley wa Marekani aliigiza katika filamu 31 kati ya mwaka 1956 na mwaka 1969, nyingi zikiwa visa vya mapenzi vilivyotiwa nyimbo. Mwaka 1964 vijana wanne wa Liverpool, wale Beatles, walitokea katika A Hard Day's Night iliyoelekezwa na Richard Lester, na mwaka uliofuata wakatokea katika Help! Nchini Japani vikundi kama The Spiders na The Tigers viliigiza filamu zao mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1977 ikatoka ABBA: The Movie, na mwaka 1997 wasichana watano wa Spice Girls wakapanda basi lao katika Spice World.

Tusifiche kwamba nia kubwa ya wenye mali ilikuwa faida. Kampuni ya United Artists ilipokubali kugharimia filamu ya kwanza ya Beatles, kilichoivutia zaidi ni haki ya kuuza santuri ya nyimbo za filamu hiyo. Filamu ilikuwa ndoana. Samaki mwenyewe alikuwa santuri. Lakini tazama kilichotokea. Kazi ya kuandika mazungumzo alipewa Alun Owen, mwandishi aliyeifahamu Liverpool vizuri. Owen aliandamana na vijana wale kwa siku kadhaa akiwasikiliza wanavyotaniana, wanavyokatizana na wanavyowajibu waandishi wa habari. Kisha akawaandikia maneno yanayofanana na yao wenyewe, kwa lafudhi ya mji wao wa bandari, lafudhi ambayo wakati huo haikuhesabiwa kuwa Kiingereza cha heshima. Filamu hiyo ilieneza Uingereza nzima neno grotty, lenye maana ya kitu kibovu kisichopendeza, na mswada wa Owen ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Lahaja ya vijana wa bandarini ilizunguka dunia bila kuomba radhi. Hilo halikufanywa na kamusi wala na chuo kikuu. Lilifanywa na filamu ya kuchekesha.

Afrika nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1949 ilitolewa Afrika Kusini filamu Jim Comes to Jo'burg, ambamo mwimbaji Dolly Rathebe na kikundi cha African Inkspots walionekana. Kijana wa shamba anaingia mjini, anaibiwa, anahangaika, na mwishowe anakuwa mwimbaji. Mwaka 1987, nchini Zaire kama ilivyoitwa wakati huo, Ngangura Mweze na Benoît Lamy walielekeza La Vie est belle, yaani Maisha ni Matamu. Mhusika mkuu, Kourou, ni kijana anayetoka kijijini akiwa na ndoto ya muziki, anaajiriwa kuwa boi nyumbani kwa mwenye klabu mjini Kinshasa, kisha boi na bwana wake wanampenda msichana mmoja, Kabibi. Kourou aliigizwa na Papa Wemba, ambaye hahitaji kutambulishwa kwa mkazi yeyote wa Nyanza aliyewahi kucheza rumba. Ni filamu ya kicheko mwanzo hadi mwisho, na bado mtu akitaka kujua Kinshasa ya miaka ile ilivyokuwa ikitembea, ikivaa na ikijidai, hana budi kuitazama.

Jirani zetu wa Tanzania walilifanya jambo hili kwa Kiswahili. Mwaka 2003, wakati bongo fleva ilipokuwa imekwisha kuwateka vijana, ilitolewa filamu Girlfriend, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na mwimbaji TID, huku wanamuziki wenzake wakitokea humo pia. Mwelekezi wake alikuwa George Otieno, maarufu kwa jina la George Tyson, Mkenya aliyefanyia kazi zake Dar es Salaam hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2014. Jina Otieno halihitaji maelezo huku kwetu. Kipawa kilichoweza kuwaweka wanamuziki wa Kiswahili mbele ya kamera kilitoka Kenya na kwenda kuzaa matunda ng'ambo ya mpaka.

Sasa tutazame nyumbani. Eneo lililokuwa Nyanza Kusini ni kitovu cha benga. Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alizaliwa mwaka 1940 upande wa Tanzania, karibu na Shirati, lakini muziki wake haukujua mpaka. Uliimbwa Muhuru kama ulivyoimbwa Mara. Alizoea kuwasema wakubwa kwa visa vya wanyama, na tungo zake ziliwahi kumtia matatani na serikali. Alifariki mwaka 2006. Okatch Biggy wa bendi ya Heka Heka alitutoka mwaka 1997, na Musa Juma mwaka 2011. Upande wa ohangla, Tony Nyadundo aliifikisha ngoma hiyo katika kumbi za Nairobi miaka ya 2000, na Migori ikamtoa Lady Maureen, aliyefariki mwaka 2022. Hawa ni watu waliopendwa kwa kiasi ambacho kikundi chochote cha Ulaya kingeonea fahari. Hata hivyo, sijapata kuona hata filamu moja ya kisa cha kuchekesha ambamo mmoja wao ni mhusika mkuu.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani? Si nyimbo zao zipo? Naam, zipo, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Nyimbo huhifadhi sauti ya kuimba. Sauti ya kuzungumza ni kitu kingine. Jinsi mtu anavyomjibu mchokozi, anavyomtania shemeji, anavyokwepa deni, anavyomsihi dereva amngoje, hayo hayamo katika wimbo. Mahojiano ya redio yapo, lakini mahojiano ni lugha ya mtu aliyeketi wima na kuchagua maneno. John Lennon aliuawa mwaka 1980, lakini kijana aliyezaliwa miaka 30 baadaye anaweza leo kumsikia akifanya mzaha ndani ya treni. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan mwaka 2016 na kufariki, lakini Kourou wake angali anamcheka bwana wake. Je, mjukuu wa shabiki wa Misiani atamsikia wapi Misiani akifanya utani? Sauti ya kuimba imebaki. Ya kuzungumza imezikwa na mwenyewe.

Tena katika muziki wa Waluo liko jambo linaloufaa mno mtindo huu wa filamu, nalo ni pakruok. Katika Kijaluo, pako ni kusifu, na pakruok ni kujisifu. Kiambishi tamati kinafanya kazi inayofanana na ile ya ji- katika Kiswahili. Muziki unapopamba moto, shabiki hujitokeza mbele, hutoa fedha, na bendi hunyamaza au hushusha sauti. Yeye hushika kipaza sauti na kutaja jina lake, kwao, ukoo wake, rafiki zake na sifa zake, kwa mafumbo na kwa tambo ambazo huwavunja watu mbavu. Akimaliza, muziki huendelea, na tayari mwingine anasimama kumpiku.

Linganisha sasa mashabiki wa namna tatu. Shabiki wa Beatles katika ile filamu ya mwaka 1964 anakimbia na kupiga mayowe. Ni mayowe matupu, hayana neno ndani yake. Shabiki wa taarabu hapa pwani huinuka na kumtuza mwimbaji, akicheza taratibu na noti mkononi, naye husema kwa kinywa cha mwimbaji: mpasho ukiimbwa, aliyekusudiwa hujijua. Shabiki wa benga na ohangla hutuza vilevile, lakini yeye hununua nafasi ya kusema mwenyewe. Kwa muda wa dakika moja yeye ndiye nyota, na nyota ndiye msikilizaji. Ikiwa filamu za aina hii zinatengenezwa kwa ajili ya mashabiki, basi ni wapi duniani pana mashabiki walio tayari zaidi kuingia ndani ya filamu na kusema? Watu wa Ulaya iliwabidi watafute mwandishi awaandikie wanamuziki maneno. Huku kwetu maneno yanagharimiwa na msemaji mwenyewe kila mwisho wa wiki, kisha yanapotea usiku uleule.

Niwageukie sasa walimu wenzangu wa Kiswahili. Katika mtihani wa KCSE, mwanafunzi hutahiniwa isimujamii katika karatasi ya pili, na fasihi simulizi katika karatasi ya tatu. Humo hutakiwa kueleza sifa za sajili mbalimbali, na pengine sifa za majigambo. Mwanafunzi wa Ndhiwa au wa Rongo huzikariri sifa hizo kutoka kitabuni: majigambo hutungwa na anayejisifu, hutumia chuku, hutaja ukoo, huwa na lakabu. Anazikariri kana kwamba ni desturi za watu waliokufa zamani, ilhali mjomba wake alisimama juzi katika disko matanga akajigamba kwa kanuni hizohizo, neno kwa neno. Hatujawahi kumwonyesha kwamba alichokisikia usiku kule ndicho anachoulizwa mchana huku.

Matokeo yake ni kwamba Kiswahili, kwa vijana wengi wa maeneo haya, kimekuwa lugha ya kalamu nyekundu. Kijaluo nacho kilifukuzwa madarasani. Wapo watu wazima wengi wanaokumbuka kipande cha mbao kilichovishwa shingoni mwa aliyenaswa akikisema. Kiingereza ni lugha ya kuombea kazi. Basi kijana achekee lugha gani? Atazame vibanda vya video vya mitaani, naye atapata jibu: huko sauti ya DJ Afro na wenziwe husimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani, na watazamaji huangua vicheko. Vijana wamekwenda kukitafuta Kiswahili cha kucheka mahali ambapo mwalimu hayupo. Siwalaumu. Lugha isiyotaniwa kwayo hushikwa kwa ncha za vidole tu.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Watu hudhani kwamba majukumu hayo mawili yanapingana. Filamu nyepesi ya wanamuziki inaweza kuyatekeleza yote mawili kwa pamoja bila kuhutubu. Wazia kisa kama hiki. Bendi ya ohangla inatoka Homa Bay kwenda kutumbuiza Isebania. Gari linaharibika njiani. Fundi ni Mkuria, mwenye duka la vipuri ametoka Sirare, meneja anajidai kwa Kiingereza, na mpiga ngoma hana Kiswahili ila cha kuombea maji. Wote hawa hawana budi kuelewana kabla jua halijatua. Humo mna Kijaluo, Kikuria, Kiswahili cha Tanzania na Kiswahili chetu cha Nyanza, kila kimoja mahali pake na kwa sababu yake. Mwanafunzi anayeulizwa sababu za kubadili msimbo hatahitaji tena kukariri.

Wazia pia mwelekeo wa safari yenyewe. Filamu za Johannesburg na Kinshasa nilizozitaja humtoa kijana kijijini na kumpeleka mjini, kana kwamba nyota haiwezi kuwaka ila penye taa za umeme. Maisha ya wanamuziki wetu huenda pia kinyume chake: nyota hutoka mjini kuja kijijini, kwa matanga, kwa harusi, kwa harambee, na mara nyingi hukuta kwamba wenyeji wanamdai. Hicho ni kichekesho ambacho hatuhitaji kukiazima kwa mtu. Na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, ambako Olusuba imemezwa na Kijaluo hadi wasemaji wake wakawa wachache, nyanya mmoja akimkaripia nyota kwa Olusuba ndani ya filamu inayopendwa angeifanyia lugha hiyo jambo ambalo vikao vingi vya wataalamu havijalifanya. Angewafanya watoto watake kujua amesema nini.

Zipo pingamizi, nami sitazikwepa. Wa kwanza atasema kwamba ohangla na pakruok zimejaa matusi. Ni kweli kwamba zamani ohangla ilihesabiwa kuwa ngoma ya watu wazima, na sababu mojawapo ilikuwa maneno yake. Lakini utungaji wa filamu ni uteuzi. Si lazima kila kisemwacho usiku kiingie ndani. Isitoshe, nchi hii ina sheria na bodi ya kuainisha filamu. Tena mwalimu akishiriki kuandika mswada, ataweza kuchuja. Akijitenga, wengine watauandika bila kuchuja.

Wa pili atasema kwamba huu ni upuuzi, na kwamba vijana wetu wanahitaji filamu zenye mafunzo. Hao nawajibu kwamba filamu zenye mafunzo zipo nyingi: za malaria, za ukimwi, za ndoa za mapema. Vijana huzitazama wanapolazimishwa, na wanachojifunza kuhusu lugha ni kwamba Kiswahili ni lugha ya kuonyea. Tusiwape mafunzo kwa kijiko kila siku kama dawa ya minyoo.

Wa tatu, na huyu namheshimu zaidi, atasema kwamba wanamuziki watanyonywa tena. Wamekwisha kunyonywa na watayarishaji wa santuri, na wauzaji wa kanda bandia, na sasa waletewe kamera. Hofu hiyo ni ya haki. Kampuni iliyotaka santuri ya Beatles haikuwa sadaka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya filamu yoyote kama hii isiwe kamera bali karatasi: mkataba unaotaja nani mwenye hakimiliki ya wimbo, nani mwenye hakimiliki ya filamu, na mirabaha itagawanywaje. Anayejigamba mbele ya kamera naye aulizwe ridhaa yake, kwa maana maneno yake ni mali yake.

Tufanye nini basi? Sipendekezi tungoje wizara. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo limekwisha kuipokea filamu katika mashindano yake. Mtaala mpya umeweka katika sekondari ya juu mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, na ndani yake somo la maigizo na filamu. Simu ambayo mwanafunzi humwazima kaka yake inaweza kupiga picha na kunasa sauti. Kilichobaki ni mwalimu wa Migori au wa Homa Bay kumwendea mwanamuziki wa mtaani kwake, si kumwalika aburudishe wageni siku ya utoaji zawadi, bali kumwomba aigize katika kisa kilichotungwa na wanafunzi.

Kazi igawanywe hivi. Wanafunzi wahudhurie mazoezi ya bendi wakiwa na daftari, wamsikilize kama Owen alivyowasikiliza vijana wa Liverpool, kisha waandike mazungumzo. Palipo na Kijaluo au Kikuria, watafsiri kwa Kiswahili na kuyaandika chini ya picha. Hilo ni zoezi la tafsiri gumu kuliko lolote nililowahi kuliona kitabuni, kwa sababu mzaha ukitafsiriwa vibaya hauchekeshi, na aliyetafsiri hujua papo hapo kwamba ameanguka. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Fedha wanamuziki wetu wametuzwa, ingawa si za kutosha. Tuzo ambayo hawajapewa ni kuandikiwa sehemu ya kusema.

Wengine wao ni wazee sasa. Misiani hatatungojea, amekwisha kwenda. Walio hai wanapatikana Oyugis, Mbita, Awendo na Kehancha, na wengi hawakai mbali na shule. Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji zaidi ya kutembea hadi huko jioni moja, baada ya vipindi, na kuuliza wanafanyia wapi mazoezi.